Gemu Isiyouzwa Tena

“Mtu asiguse meza,” Kimutai alisema, na sote tukarudisha mikono mapajani kama watoto wa madrasa walioona fimbo.

Mashine ilikohoa. Diski ilizunguka ndani yake, ikakwaruza, ikanyamaza. Kwenye televisheni yakatokea maandishi meupe ya kutuambia kwamba ndani hamna kitu, na sisi sote tulikuwa tumemwona Kimutai akiiweka kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Nje mvua ya Mau Narok ilikuwa inapiga mabati. Kaka yangu Saad alikuwa ameketi kwenye kochi upande wa dirisha, kofia yake ya kushona imelowa ukingoni. Mdogo wetu Jalal alikuwa upande wa mlango, funguo za gari mkononi, mtu wa kuondoka wakati wowote. Kati yao palibaki nafasi ya kutosha mtu mmoja mzima, na mtu huyo nilikuwa mimi.

“Na ikikataa?” Jalal aliniuliza mimi, ingawa mwenye mashine alikuwa amepiga magoti mbele yake.

“Haikatai,” nikasema.

Nilikuwa najisemea tu. Kule Nakuru, Section 58, mama yetu alikuwa amekaa kitandani na simu mapajani, akingoja nimwambie kama ataenda Hija au hataenda.

Wacha nieleze, maana ungeniona pale, mwanamke mzima na buibui lake, fundi wa mapazia mwenye wateja wanaomlaani huko mjini, nimepanda milima kwa ajili ya mchezo wa watoto, ungesema nimerukwa na akili. Saad mwenyewe alisema hivyo, tena mara nyingi.

Baba yetu, Mzee Shukri, alifariki alfajiri. Jalal alikuwa tayari angani, anatoka Doha alikokuwa akifanya kazi, anakuja kumwona mgonjwa. Ndege ilipotua Nairobi na simu yake ikawaka, salamu ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya msiba. Alimpigia Saad pale pale uwanjani. “Ningojeni,” alisema. “Nakuja mbio. Ningojeni tu.” Saad ndiye mkubwa wetu, na siku ya msiba mkubwa ndiye anayeulizwa kila kitu, kuanzia sanda mpaka sufuria za kupikia wageni. Alisema maiti haicheleweshwi, mazishi ni baada ya Alasiri. Basi. Huko barabarani lori lilikuwa limelala baada ya Naivasha, magari yamefungana pande zote mbili, na Jalal akashuka kwenye gari akakimbia kwa miguu hadi mbele ya lile lori, akaomba lifti upande wa pili. Aliingia mtaani kwetu kukiwa kunaadhiniwa Magharibi. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo bado kwenye pindo za kanzu zao. Saad alimnyoshea mkono. Jalal aliupita ule mkono kama mtu anayepita nguzo ya stima.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Idi ilikuja, Idi ikaenda. Jalal aliacha kazi ya Arabuni, akafungua pahali pa kuoshea magari Lanet, akaoa, akapata mtoto, na Saad akamjua yule mtoto kwa picha za simu yangu. Saad akiulizwa anasema, “Nilifanya la sheria.” Jalal akiulizwa anasema, “Kuningoja kidogo kungevunja sheria gani?” Na ubaya wake ni kwamba kila nikimsikiliza mmoja, namwona ana haki. Nilichoka nao. Nilichoka kuwa posta.

Halafu mama akapata nafasi ya Hija. Aliisubiri tangu magoti yake yakiwa mazima, na sasa daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwakani hayatambeba. Tulifurahi, tukapiga vigelegele, majirani wakaja. Kisha jioni moja akanituma nikamwambie mkuu wa msafara ampe mtu mwingine nafasi yake.

“Mama, una homa?”

“Sina homa. Nitasimamaje Arafa niombe Mungu anisamehe, na nyuma nimeacha wanangu wawili hawapeani salamu? Nitamwambia nini nikiulizwa? Nitasema nilikuwa nashona mapazia?”

Hilo la mapazia lilikuwa langu. Kwa mama hukosi kugawiwa chako.

Mkuu wa msafara alikuwa mtu wa huruma. Alisema atamshikia nafasi mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, ikipita hiyo ana watu wengi wanaolia mlangoni kwake. Kesho yake nikamfuata Jalal huko Lanet. Nilimkuta na mpira wa maji, anamwagilia gari la mwanajeshi mmoja. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga maji, akapangusa mikono.

“Sawa,” akasema. “Lakini hiyo ni kesi, Nuria. Na kesi nyumbani kwetu zinasikizwa aje? Baba alituachia njia. Mwambie Saad alete Kenzaru tucheze. Nikimshinda, asimame mbele ya mathe aseme alinikosea. Akinishinda, sitaitaja tena mpaka niingie kaburini.”

Kisha akacheka. Alijua vizuri anachokisema. Alikuwa amenionyesha mlango uliofungwa kwa kufuli.

Maana sheria hiyo ilikuwa ya kweli. Tulipokuwa wadogo, Saad na Jalal walikuwa wakipigana kama paka wa soko. Siku waliyovunja kioo cha dirisha kwa kichwa cha Jalal, baba, aliyekuwa fundi wa magari, alirudi kazini na mashine ya gemu aliyoipata kwa mwenzake, na CD moja tu ndani yake. Kenzaru. Ilitokana na ile katuni tuliyokuwa tukiitazama baada ya shule, ya mabingwa wanaopigana juu ya milima ya mawe. Baba akatukalisha chini. Kuanzia leo, akasema, anayegombana na mwenzake asimguse. Mtapigana humo ndani, duru tatu. Atakayeshindwa atampikia mshindi chai kwa mikono yake mwenyewe, atampelekea kwa mikono miwili, atasema yamekwisha, na neno hilo halitatajwa tena chini ya paa hili.

Na kweli halikuwa linatajwa. Niliona kesi ya baiskeli ikiisha hivyo, na kesi ya viatu vya Idi, hata kesi ya msichana mmoja aliyeitwa Mercyline ambaye hakujua kama ana kesi. Mimi mwenyewe nilipika chai mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Baba alikaa kwenye kiti chake na gazeti, akijifanya hatazami. Lakini miaka ilipita, ile mashine ikauzwa, na ile CD ikapasuka tulipokuwa tunahamisha makabati. Jalal alikuwepo. Ndiye aliyeikanyaga.

“Sawa,” nikamwambia pale Lanet.

“Sawa nini?”

“Sawa, nitaileta.”

Akaacha kucheka.

Nilidhani ni jambo la kwenda dukani. Kitu kilichotengenezwa na watu, kikauzwa na watu, mtu akikitaka si anakinunua? Nikaingia kibanda cha Kihara karibu na soko, kijana anayetengeneza simu na mashine za gemu, kuta zake zimejaa nyaya. Nikamtajia jina.

“Eish, mathe, hiyo umeitoa wapi?”

Mathe! Sijafika hata arobaini. Nikamwacha kwa sababu nilikuwa na shida.

Kihara akatafuta kwenye maduka ya mtandaoni, akanigeuzia simu. Picha ilikuwepo, jina lilikuwepo, na pale pa kununulia paliandikwa haipatikani. Akajaribu duka lingine, yakawa yale yale.

“Hii ilikuwa gemu ya leseni,” akasema.

“Leseni kama ya gari?”

“Kama ya kukodi nyumba. Hawa waliotengeneza gemu, zile sura si zao. Ni za wenye katuni. Walizikodi miaka kadhaa, mkataba ukaisha, wenye katuni wakachukua sura zao. Sasa hakuna mtu anaruhusiwa kuiuza. Imetolewa kila duka.”

“Hata kama mtu ana pesa yake mkononi?”

“Hata ukiwa na benki, mathe. Unangoja tu mtu mwenye ya zamani achoke nayo. Na hawachoki.”

Nilikasirika, nawaambia. Nyumba mtu akiikodi na mkataba ukaisha, anahama, lakini nyumba haibomolewi. Kihara alicheka, akaniambia asubuhi ya kesho nirudi, atanitafutia nakala ya vichochoroni, ya kuchoma kwenye CD tupu, bei ya soda, hakuna atakayejua. Nikarudi nyumbani nimechangamka. Nikafanya kosa la kumweleza mama.

“Ya wizi?” mama akasema.

“Si ya wizi, mama. Ni ya kuchoma.”

“Wenyewe wamesema isiuzwe, na wewe unaichukua nyuma ya nyumba. Hiyo inaitwaje kwa Kiswahili? Mnataka nipande ndege ya Makka kwa kesi iliyomalizwa na kitu cha wizi? Nunua ya halali au uache.”

Mama hakujua, na hajui mpaka leo, kwamba ile CD ya utotoni mwetu, ile iliyosuluhisha kila kitu nyumbani kwake, ilikuwa ya kuchomwa vilevile, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino. Yeye aliamini baba haleti cha haramu. Mimi ni nani wa kumtoa kwenye imani hiyo kabla ya Hija?

Basi nikatafuta ya halali. Niliuliza Nakuru nzima. Niliuliza wenye vibanda vya kuchezesha gemu, wakaniambia siku hizi ni mpira tu, dada, hayo ya ngumi yamezeeka. Nikampata muuzaji mmoja kwenye simu, Mungu amlipe anavyostahili, akanitumia picha ya kasha safi, Kenzaru waziwazi juu yake. Nilituma hela, kasha likaja. Juu mabingwa wa milimani, ndani diski ya gemu ya mpira wa miguu, tena imekwaruzwa. Nilitukana hadi ikabidi nikatawadhe upya.

Jumatatu Kihara akanipigia mwenyewe. Nadhani alinionea huruma, au alitaka kuniondoa kibandani. Kuna mtu wa Mau Narok, akasema, mkulima wa viazi, humletea mashine zake kuzisafisha. Anaitwa Kimutai. Alinunua gemu nyingi kwenye mnada, wakati familia moja ya shamba kubwa ilipokuwa inahama. Zote halisi.

Nikapanda siku hiyo hiyo. Baridi ya kule inaingia hadi kwenye meno. Kimutai ni bwana mrefu, mpole, buti zake zimejaa matope, na sebuleni kwake magunia ya viazi yamepangwa mpaka dirishani. Lakini lile kabati la vioo, ambalo watu wengine huwekea vikombe vya wageni, yeye amewekea gemu. Nikaiona kabla hajanionyesha. Kenzaru, mgongo wake wa bluu, wima kati ya wenzake.

“Siuzi,” akasema, kabla sijafungua mdomo.

“Sema bei yako.”

“Dada, si bei. Nikikuuzia wewe, mimi nitanunua wapi?”

Nilikuwa nimetafuta, nilijua jibu ni hakuna. Nikakaa juu ya gunia la viazi la watu na machozi yakaanza kunitoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Nikamwambia yote, baba, lori, ule mkono uliopitwa, mama na Ijumaa yake. Mkewe alileta uji, akaniwekea mkononi bila kuuliza mimi ni nani.

“Waje,” Kimutai akasema mwishowe. “Siwezi kuitoa, lakini waje wacheze hapa. Alhamisi sina kazi shambani. Lakini nikuambie ukweli, hii diski ni mzee. Siku nyingine inasoma, siku nyingine inanuna. Ikinuna hakuna fundi.”

Jalal nilimpata kwa sentensi moja, kwa sababu alikuwa amejifunga mwenyewe kwa maneno yake. Saad ndiye aliyekuwa mlima.

“Mimi?” akasema. “Mtu anayesalisha watu msikitini, nikapande Mau Narok nikacheze katuni? Watu wakisikia?”

Nilikuwa nafungua mdomo nimpe yake, mama akasema kutoka kitandani, bila kuinua sauti. “Baba yako alikuachia nyumba na sheria zake. Nyumba umeichukua.”

Saad akaenda kutafuta koti.

Ndivyo tulivyofika pale kwenye kochi, Alhamisi, mvua juu ya mabati, na mashine iliyokataa. Kimutai alitoa diski akaipangusa kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda nje, akairudisha. Ikakataa. Akaigeuza mashine ikasimama kwa ubavu, akasema hapo ndipo hupenda. Ikazunguka. Ikakwaruza. Jalal akasimama.

“Si nilisema,” akaanza.

Muziki ukalia.

Ngoma mbili kubwa na filimbi, ule wimbo tuliokuwa tukiuimba bafuni na njiani kwenda madrasa. Sikuwa nimeusikia tangu nikiwa msichana wa kusukwa nywele. Nikamtazama Saad, midomo yake ilikuwa inacheza. Nikamtazama Jalal, yake pia. Wakaonana wakifanya hivyo, na wote wawili wakakunja uso papo hapo. Jalal akaketi.

Saad alimchagua Kibonge. Hilo si jina lake, ni letu, yule mtawa mnene mwenye tumbo la kusukumia watu. Jalal alimchagua Mkono Mmoja, kijana mwembamba mwepesi anayepiga na kuruka. Hawakufikiria hata kidogo, vidole vilikwenda vyenyewe.

Duru ya kwanza iliisha kabla sijakaa vizuri. Mkono Mmoja alimzunguka Kibonge, akampiga mbele, akampiga nyuma, akamwangusha mweleka. Jalal hakushangilia. Aligeuza shingo.

“Unaniachia?”

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza baina yao tangu msiba.

“Sikuachii,” Saad akasema. “Vidole vimezeeka.”

“Ukiniachia si kesi. Cheza.”

Saad akavua koti. Duru ya pili alijibana pembeni mwa mlima, ule ujanja wake wa zamani uliokuwa ukimfanya Jalal alie kwa hasira, anakaa tu, anangoja, mwenzake akiruka anampokea na tumbo. Jalal aliruka. Akapokewa. Akaruka tena, hakujifunza utotoni na hakujifunza ukubwani. Kibonge akashinda. Mimi nilikuwa nimeshika mto wa kochi la watu nimeukamua, na sikujua namwombea nani. Jalal akishinda, Saad angesimama mbele ya mama, na Saad hajawahi kusema nimekosa tangu aanze kuota ndevu. Angeweza kukataa, na yangekuwa mabaya zaidi. Saad akishinda, Jalal angelimeza lile donge likamkaa kooni maisha yake yote. Niliona wazi kwamba nimewapandisha mlima kuja kuumizana mbele ya mtu baki.

Duru ya tatu walipigana kama wanaotaka kuuana. Wote walikuwa wamebakiwa na kipande kidogo cha uhai. Mkono Mmoja akaruka, ngumi mbele, na hapo hapo picha ikaganda. Kimya. Kijana amening'inia hewani, Kibonge chini yake ameinua uso. Diski ilikuwa inakwaruza ndani kama kucha kwenye sufuria.

Kimutai aliinua mkono. Ingekuwa imekufa, ndiyo basi, hakuna nyingine Kenya nzima ya kununua, na kesho ni Ijumaa. Niliwaona ndugu zangu wakiitazama ile picha, na hakuna aliyeondoa kidole kwenye kitufe chake.

Picha ikashtuka, ikaendelea. Ngumi ikapita pembeni, Kibonge akasogea hatua moja, akasukuma. Mkono Mmoja akaanguka kutoka mlimani.

Saad alikuwa ameshinda.

Jalal aliiweka chini ile rimoti ya kuchezea, polepole, waya wake ameukunja vizuri. Nilimngoja achukue funguo zake aondoke, na nilikuwa tayari kumshika mguu.

“Boss,” akamwambia Kimutai, “jikoni ni wapi?”

Tulimsikia akigongagonga sufuria za nyumba asiyoijua, akimuuliza mke wa Kimutai majani yako wapi. Alikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Saad hakusogea. Kwenye televisheni Kibonge alikuwa anacheza ngoma ya ushindi, tumbo linaruka, na Saad anamtazama kama mtu anayesomewa hukumu. Aliporudi Jalal, macho yalikuwa mekundu. Kikombe alikishika kwa mikono miwili.

“Yamekwisha,” akasema.

Saad alikipokea. Akakiweka mezani bila kukionja.

“Ningekungoja,” akasema.

“Wacha, Saad. Umeshinda. Sheria ni sheria.”

“Ningekungoja, Jalal. Wazee waliniambia tunaweza kungoja mpaka Magharibi. Hakuna aliyekataa. Ni mimi niliyesema hapana.” Alivua kofia, akaishika mikononi. “Nilikuwa nimekaa naye chumbani tangu alfajiri. Nilikuwa nimemwosha. Niliogopa nikikaa naye zaidi nitapasuka mbele ya watu, na watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nilitaka iishe tu. Nikasema ni sheria. Haikuwa sheria, ilikuwa woga. Nisamehe.”

Sijawahi kumsikia Saad akisema maneno mengi kiasi hicho mfululizo nje ya mimbari. Kimutai alitoka nje kwenye mvua, akijifanya anaenda kutazama magunia yaliyokuwa ndani.

Jalal alikaa. Hakukaa upande wa mlango. Alinisogeza kwa mkono kama mto wa kochi, akakaa pale nilipokuwa mimi.

“Nani aliingia kaburini?” akauliza.

Nikagundua kwamba hata mimi sikujua. Wanawake hatukwenda makaburini siku ile, tulibaki nyumbani na visomo vyetu, na waliporudi hakuna aliyetusimulia. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba ugomvi wa mazishi ambayo sikuyaona.

“Mimi niliingia,” Saad akasema. “Nilisimama kichwani. Jirani yetu Hafiz akashika katikati. Wakataka kumshusha mtu mwingine wa kushika miguu, nikamkataza. Nikasema hapo ni pa Jalal.”

“Kwa hivyo miguu ilishikwa na nani?”

“Hakuna. Tulimpokea wawili.”

Jalal aliinama. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na Saad, ambaye hajui kumshika mtu, aliweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo.

“Alikuwa mzito?” Jalal akauliza, uso bado chini.

“Mzito, wallahi. Nusura atuponyoke. Tulikosa mikono yako.”

Nilitoka barazani. Nikapiga namba ya mama. Mama alishika simu kabla haijalia vizuri.

“Haya,” akasema. “Nani ameshinda?”

Nilichungulia dirishani. Saad alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi walivyomgeuza baba kuelekea kibla, na Jalal ameinua kichwa anafuata kila kitu, anauliza, anaonyeshwa tena. Nikamwambia mama ampigie mkuu wa msafara sasa hivi, kabla hajampa mtu mwingine.